Msoma Mita

Saa moja asubuhi vumbi la Tabora bado limelala.
Nakunja miguu ya suruali, nabeba daftari, tochi,
na fimbo fupi ya kumwonesha mbwa kwamba najua anachofikiri.
Mita ya kwanza ni ya Kapufi, fundi baiskeli, Isevya.
Imefukiwa. Kiangazi chote imefukiwa.
Naifukua kwa vidole kama karanga iliyosahauliwa shambani,
nafuta kioo kwa mate:
mia nne kumi na mbili.
"Mwangaluka," anasema Kapufi toka chini ya gurudumu,
na kabla sijaitika ameshauliza mguu wa mama.

Zamani maji yalikuja alfajiri moja kwa wiki.
Ndoo ndizo zilizopanga foleni, wenyewe tumelala,
na kila ndoo ilijulikana kwa kovu lake.
Sasa bomba limevuka wilaya kutoka ziwani
na mji umelifuata kama mbuzi afuataye chumvi.
Kule Ipuli walipita na kamba na vigingi,
miyombo ikalala chini,
nyuki wakahamia kwenye masanduku ya mita zangu.
Mara mbili nimesoma namba huku nakimbia.

Wamesimika vibao: kila mtaa jina, kila nyumba namba.
Vizuri. Lakini muulize mtu njia.
Nenda mpaka mashine ya kusaga
(iliuzwa, mwenyewe alishahamia Urambo),
kata kushoto kwenye mkwaju
(uliokatwa),
ukiona duka la Mihayo umepotea, rudi.
Twaelekezana kwa vitu visivyokuwepo,
na twafika.

Kuna nyumba mpya yenye geti la chuma na kengele.
Nilibonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka ukutani:
"Nani?"
Miaka kumi na tisa sijaulizwa hivyo katika mji huu.
Nilisimama na fimbo yangu, jina limenikwama.
"Mita," nikasema.

Jirani yake alikuwa Nyanzobe.
Tulimzika Mei, ardhi ikiwa bado laini.
Wanawe wakafunga mlango, wakarudi Kahama,
kufuli likaanza kuota kutu.
Mita yake nikaiandika elfu moja themanini na nane,
nikajua itakaa hapo.
Juni: themanini na tisa.
Julai: tisini na moja.
Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye bomba
kama mkunga.
Kimya. Hakuna kinachovuja.

Septemba, upepo ukizungusha vumbi na mifuko,
nikapita jioni, nje ya ratiba.
Yule wa geti la chuma alikuwa uani kwa marehemu,
peku, kitenge kimefungwa kifuani,
anachota maji kwa bakuli la udongo
na kuyamwaga taratibu kwenye shina la mdimu.
Aliniona. Hakukimbia.
"Siku niliyohamia aliniletea ndimu," akasema.
"Sikuwahi kumrudishia bakuli.
Na bakuli halirudi tupu."

Kanuni naijua, nimeitia saini:
wizi wa maji, kata, weka lakiri.
Nikawasha tochi, ingawa mwanga ulikuwepo.
Elfu moja tisini na nne.
Kwenye safu ya maoni nikaandika: mita nzima.
Ankara hutoka kwa jina la Nyanzobe.
Kila mwezi hulipwa. Sijauliza.

Mwezi uliofuata nikabonyeza kengele.
"Nani?"
"Mita."
Geti likajivuta.
"Pita, Mita. Na mguu wa mama, umepungua kuvimba?"

Mimi sikumwambia kuwa nina mama.