Tanga la Nguchiro

Asubuhi ile Kishada hakutoka chini ya kabati.
Panya wa jirani alikula sumu,
Kishada akamla panya,
hesabu ikafungwa hapo, kimya kimya,
maziwa hayajachemka bado.

Fumo akaja na jembe begani.
"Tumzike upesi, Mama, Tobwe asije akamwona."
Nikamwambia, weka jembe.

Nilikuwa na miaka sita mama yangu alipokufa.
Asubuhi hiyo hiyo nikapelekwa nyumba ya tatu, kwa Bi Swabra,
nikapewa mkate wa sinia, kipande cha mtu mzima,
nikaambiwa mama amesafiri.
Mkate ulikuwa mtamu. Hilo sijalisamehe.
Niliporudi, kitanda kimesimamishwa ukutani,
leso zake zimegawiwa,
nami nikaanza kumtafuta:
nyuma ya mitungi, ndani ya sanduku,
mwaka mzima nikifungua milango ya watu wa Maweni.

Basi tulimlaza Kishada sakafuni, juu ya leso kuukuu,
tukakaa kando.
Tobwe akaja na mwendo wake wa kupindapinda,
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Akanusa pua. Akanusa tumbo.
Akamvuta sikio kwa meno, taratibu,
vile alivyokuwa akimwamsha wakagombanie yai.
Akangoja.
Akavuta tena.
Kisha akazunguka, akajilaza naye ubavu kwa ubavu,
saa ya ukutani ikapiga tatu, ikapiga nne,
na Fumo, asiyeweza kutulia hata msikitini,
akatulia.

Tobwe aliinuka mwenyewe, akaenda zake bila kugeuka.
Ndipo tukachukua jembe.

Msidhani yaliisha.
Mtu akifa, watu huja, mikeka hutandikwa, kahawa huzunguka,
siku ya tatu tanga likaanuliwa, kila mmoja akarudi kwake.
Nguchiro nani atamwanulia?
Usiku wa nne ndipo alipoanza kulia,
sauti nyembamba, bawaba isiyoonja mafuta,
kutoka kabatini hadi mlangoni,
kutoka mlangoni hadi kabatini.
Yai, alilokuwa akilirusha kinyumenyume ukutani hadi lipasuke,
lilikaa zima siku mbili, nikalitupa.

Shemeji Athumani akasema, "Nitakuletea mwingine kutoka Ganda,
kule wako tele kama kuku."
Nikamwambia, bado.
Pengo si nafasi ya kazi, shemeji,
halitangazwi.

Tulifanya madogo tuliyoyaweza.
Ile leso hatukuifua; tuliikunja,
tukairudisha kwenye pembe yao.
Dagaa nikamlisha kidoleni, mmoja mmoja,
mara anakula, mara ananiuma mimi,
na kovu ninalo hapa, kwenye kidole cha pete.
Saa za chakula hatukuzigusa, wala taa ya ukumbini.
Mchana nilimtia kifuani, ndani ya dira,
nikashona sare za shule huku moyo wake ukinigonga mbavuni
haraka kuliko cherehani.
Fumo alimsomea majedwali ya kuzidisha.
Sijui yalimfaa nini. Fumo yalimfaa.

Siku ya kumi na saba niliamka nikakuta ukuta una uji wa njano,
maganda yametawanyika chini.
Fumo akaapa si yeye.
Sikumwuliza mara ya pili.

Tobwe sasa anakula. Anamfukuza paka wa msikitini.
Lakini alasiri, nikizima cherehani,
huingia chini ya kabati, akaizungukia ile leso
mara tatu, mara nne, kabla ya kulala.

Jana nilipiga magoti nikaiinua, nikaitia puani.
Mimi sikusikia kitu.
Vumbi, labda. Yeye bado anasikia.

Leso za mama zilikuwa nane.
Nazikumbuka rangi zote,
na ile ya zambarau, pindo lililoungua kwa pasi.