Bila-Macho

Ndizi zilizovunda Marikiti napewa bure,
mwenye meza akidhani nafuga mbuzi.
Sijamwambia kuwa nafuga nzi:
chupa arubaini, hamira, sukari kidogo,
pamba mdomoni, kila chupa na ukoo wake.

Umeme ukikatika huku Tudor, mwezi wa Februari,
nazifunika kwa kanga mbichi ya marehemu mama,
maana joto likipita thelathini
madume hawazai tena.

Leo nimemlaza mmoja chini ya hadubini.
Kichwa kipo. Mdomo upo. Vipapasio vipo.
Pa macho, ngozi tupu,
kama ukuta ambao fundi alisahau dirisha,
akapaka chokaa, akachukua ujira, akenda zake.

Jeni iliyoharibika yaitwa Bila-Macho.
Shangazi Nyevu, aliyeniletea chai, akashangaa:
"Hiyo hiyo inayofanya macho?"
Hiyo hiyo.
Waliijua siku ilipokosekana,
wakaipa jina la pengo lake.

"Basi ni mimi huyo," akasema.
Tangu ndui, mtaa mzima wamwita Nyevu Chongo.
Mumewe peke yake, Mungu amrehemu,
alimwita Kengeza.

Nikamwonyesha funza niliyemtia rangi.
Jeni imo mwili mzima, nikamwambia,
imo bawani, imo tumboni, imelala.
Huamka hapa: vidoa viwili vya zambarau
ndani ya mkunjo mwembamba kuliko uzi.
Na jicho likianza kuwa jicho
yenyewe hunyamaza, hurudi nyuma,
kama mpishi asiyekaa kula.

Sikumficha la Mbarak,
aliyeiamsha mguuni kwa makusudi:
jicho likafunguka gotini,
jekundu, kamili, vioo vyake vyote,
likitazama sakafu
bila kuwa na wa kumwambia lilichoona.

"Na mimi ninayo?"
Jamaa yake unayo. Hata panya anayo.
"Mbona langu haikulirudisha?"
Sikuwa na jibu. Chai ilikuwa imepoa.

Akainama kwenye hadubini.
Mimi hufumba jicho moja, hukunja uso mzima.
Yeye hakufumba kitu.
Akatazama muda mrefu, feni ikizunguka,
mkono wake umeshika ukingo wa meza yangu,
kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Maskini. Mpeni jina jengine."