Nilipokuwa Bata

Badi wa Salala ndiye aliyeniumbua.
"Muhenna," kasema, "unasikika kama bata.
Uko juu. Kidogo tu, lakini uko juu."
Miezi mitano nimeilehemu redio hii kwa mkono,
nimeunguza kidole na kitambaa cha meza cha mama,
na neno la kwanza nililolitupa angani
likafika upande wa pili likiwa bata.

Basi leo nimejifungia chumba cha juu ya paa, hapa Ibra,
usiku, kiyoyozi nimekizima,
kwani fuwele haitaki kupulizwa.
Ikipoa inakimbilia huku, ikipata joto inakimbilia kule.
Waya umetoka dirishani hadi kwenye tangi la maji
na kutoka tangini hadi shingoni mwa mtende wa jirani,
aliyeniruhusu kwa sharti nisiguse makole.

Megahezi kumi. Kipo kituo huko Mashariki ya mbali
kisichoimba wala kusoma habari.
Kinahesabu tu. Tik. Tik. Tik.
Nyuma ya tiki umelazwa uzi wa sauti ulionyooka,
na mimi nina uzi wangu,
na nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana
huzuka ya tatu: mluzi.
Huo mluzi ndio kosa langu. Nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Bisibisi ya chuma haifai. Ukiisogeza tu
sauti inaruka kama mbuzi aliyeona kisu.
Nimechonga kijiti cha mtende,
naigeuza kapasita upana wa unywele,
mluzi unashuka, unakuwa mngurumo,
mngurumo unakuwa pumzi,
unavuta, unatua,
unavuta,
unatua

na mama yuko mlangoni na dele la kahawa.
"Unamsikiliza nani?"
"Saa."
"Kwani ya ukutani imekufa?"
Haikufa, ila yeye hajawahi kuitazama.
Kwake sasa hivi ni saa nne.
Ukuta unasema kumi. Kile kituo kinasema kumi na nane.
Tangu atoke Wete na sanduku moja la bati
mama amepishana na Omani nzima kwa saa sita,
sita kamili, hazikuzidi wala kupungua dakika,
na hakuna harusi aliyowahi kuchelewa.

Mimi nilikuwa nahangaika na ukubwa wa kosa.
Kosa lililotulia unaliandika, unalitoa, basi.
Linalokunyima usingizi ni lile linalotembea.

Akasogea aone. Mluzi ukarudi.
"Mama, rudi nyuma."
"Nimegusa nini?"
"Hukugusa. Ni mwili wako tu."
Akarudi hatua mbili, mluzi ukazama.
Akasogea tena, makusudi. Ukapanda.
Mara tatu akafanya hivyo, dele mkononi,
bibi wa miaka sabini na moja
akiipiga redio kama zumari asiyoishika.

Nilipofunika kifuniko, bati nalo likavuta: hezi saba.
Nikafunua, nikatoboa tundu, nikafunika,
nikapenyeza kijiti tunduni.
Kimya.
Si kile kimya cha redio mbovu, tiki zipo,
ila uzi wangu umelala juu ya uzi wao
na sijui tena upi ni upi.

Kifunikoni nimeandika kwa kalamu ya risasi:
usiku, sufuri.
Mchana, hezi arubaini na tatu,
nilizozipima jana adhuhuri, jasho likidondoka kwenye daftari.
Nafasi nyingine nimeiacha wazi. Agosti bado haijaja.

Badi yuko macho, ananingoja.
Kidole kiko kwenye kitufe.
Mama amekaa ngazini, anamimina.
"Haya, sema basi."
Na mimi, niliyekuwa na maneno mengi nilipokuwa bata,
nashika kikombe kwanza.