Zamu ya Wanawake, Alhamisi

Simu tumeziacha kwenye sanduku la buti,
zimevikwa soksi za sufu, zinatetemeka zenyewe kwa zenyewe.
Huku juu, ubao wa tatu, joto ni nyuzi themanini na tano
na hakuna awezaye kuthibitisha lolote.
Ndiyo raha ya sauna hapa Kemi:
mtu hutoa neno, neno likakaa
uchi kama aliyelitoa.

Pirkko ameanza kabla hajakaa sawa.
Amesoma kwamba pweza huota ndoto.
"Aote nini?" auliza Marjaana. "Maji?"
"Hubadilika rangi usingizini. Wamempiga picha."
"Mume wangu naye hubadilika rangi usingizini,
sijaona chuo kikuu kikija na kamera."

Kata moja ya maji juu ya mawe.
Mvuke unapanda, unatushika masikio
kama mwalimu wa hesabu.

Tena kuna sayari, asema Pirkko, mvua yake ni vioo.
Habari hiyo tunaipima kimya kimya.
Nje ni ishirini na sita chini ya sifuri,
na Seija juzi kateleza mbele ya duka la dawa,
kifundo kikavimba mkate.
Vioo au barafu, asema Marjaana,
mimi nataka kujua nani huko anazoa njia asubuhi.

Mwanawe kamnunulia friji inayodai nywila.
"Nikaipa jina la mbwa. Ikanijibu: dhaifu.
Dhaifu! Mbwa aliyemvua tarishi suruali!"

Nami nikatia langu, kwa kuwa mvuke hulegeza ulimi:
mama alipofariki, mpwa wangu aliniandikia rambirambi kwa mashine.
Barua nzuri, haikuwa na kosa hata moja.
Mtoto yule, ambaye tangu shule
hajapata kuandika jina langu sawasawa.

Hilkka hajasema kitu.
Ana miaka themanini na minne, anakaa pembeni
akijichapa mabega taratibu kwa matawi ya mbetula.
Halafu:

"Mimi ndiye niliyekuwa mtandao wa mji huu.
Tangu sitini na moja hadi sabini na nane.
Waya mkononi, matundu mbele yangu,
nani anamtaka nani.
Nilijua mimba kabla ya waume,
nilijua bei ya mbao kabla ya benki.
Sikumwambia mtu.
Karibu sikumwambia mtu."

Akagusa chini ya mtulinga,
pale ngozi ilipoinuka, umbo la kisanduku cha kiberiti.

"Sasa hiki, kila usiku saa nane,
kinapeleka mapigo yangu Oulu.
Kuna kijana anayasoma, au mashine, au hakuna mtu.
Mimi nimelala, moyo unapiga soga na wageni.
Sijui unawaambia nini."

Pirkko, mwenye neno kwa kila jambo,
alikuwa ameishika kata hewani.

"Mwezi uliopita, ile meli ilipoburuta nanga
ikakata waya chini ya bahari, mnakumbuka,
siku mbili mji mzima ukikuna kichwa?
Siku hizo mbili moyo wangu haukwenda popote.
Ulishinda nyumbani.
Tulipika supu ya samaki, tukala, tukalala mapema."

Mawe yakalia kidogo yenyewe.
Pirkko akamtazama; Hilkka akaitikia kwa kidevu;
maji yakamwagwa, machache,
kama mtu anayemimina dawa kwenye kijiko.

Chumba cha kuvalia, Marjaana tayari yu juu ya simu,
nywele zinamdondoka kwenye kioo.
"Pweza: ushahidi hautoshi, wanasema."
"Wanasema akina nani?" Pirkko akauliza,
kichwa kikiwa ndani ya sweta.

Simu ya Hilkka ilikuwa na ujumbe kutoka Oulu.
Aliusoma, mkono ukiwa mbali na macho.
Akairudisha simu ndani ya soksi,
akaniuliza kama nimebakiza kahawa.