Kalamu ya Risasi

Toktosun kaja na ramani ya hamsini na nane,
Safarali na ya ishirini na saba,
zote zimefungwa kwa kamba za viatu.
Wakazitandaza kwenye meza ya darasa langu,
wakaweka glasi za chai pembeni zisijikunje.

Mwanzo ilikuwa heshima. Kisha vidole.
"Mto huu hapa."
"Mto huo ulihama."
"Mto hauhami, mnauhamisha."
Wakataja Moscow, wakataja Beijing,
reli, gesi, uwanja wa ndege za kivita,
kana kwamba dunia nzima imekuja Fergana kugombea
mfereji ninaouruka kwa hatua moja.

Nikachukua rula.
Kipimo: sentimita moja kwa kilomita moja.
Aliyechora hakuichonga kalamu yake siku ile;
mstari una unene wa milimita mbili.
Nikapiga hesabu ubaoni, polepole,
kama ninavyowafanyia wa darasa la sita:
mita mia mbili.

Ndani ya mita mia mbili
mna nyumba ya Zulfizar na tanuri lake la mikate,
miaprikoti kumi na mitatu,
kaburi fupi,
mbwa asiyejua abweke kwa lugha gani.
Hawako huku. Hawako kule.
Kalamu ilikuwa ya risasi,
nao wanaishi ndani ya risasi.

Safarali akauliza kama nina ufutio.
Ninao. Umelika, umebaki kama kunde.

Toktosun hakusema neno.
Akainua glasi yake anywe,
na upande wake wa dunia
ukajikunja.