Saa ya Ndani ya Kontena

Ofisi yetu ni kontena la bati, pale Uyole,
lililowahi kubeba mbolea. Juni ukiegemea ukuta
baridi inakushika mgongo kama mdai.
Humo ndani tunajenga kontena jingine,
lisilo na bawaba, lisilo na kutu,
na mwenye kiwanja kila mwezi anauliza:
"Hilo la pili mmeliegesha wapi?
Maana nalo lina kodi."

Gwamaka nilimweleza hivi, siku ya kwanza:
unakumbuka tranka la bweni?
Mama alifungasha sukari, sabuni ya mche,
sindano, uzi mweusi, uzi mweupe, kufuli na funguo mbili,
ili nikifika nisiazime hata chumvi.
Ndivyo programu inavyosafiri,
na vyake vyote, iamke ugenini ikiwa ileile.
Maana maneno "mbona kwangu inafanya kazi"
yametugombanisha kuliko hela.

Maelekezo, mistari kumi na tisa.
Toleo la kwanza lilitoka zito, gigabaiti moja na robo;
bando likakata katikati ya kulipandisha,
likaning'inia kama fuso lililozimika kwenye kona za Uporoto.
Nikaanza kulimenya. Ganda hili la nini? Jicho hili la nini?
Kama anayemenya kiazi cha Isongole
huku mwenye kiazi akimtazama.
Zikabaki megabaiti tisini.

Majaribio tuliyaandika jioni, umeme ukiwepo.
Mia moja arobaini. Yote kijani,
ila moja:
mkulima namba thelathini na saba, Tumpe Mwang'onda.
Ile ritifaa, ndogo kama chawa,
ilikata sentensi ya hifadhidata vipande viwili.
Gwamaka akasema, tumwandike bila hiyo.
Nikamuuliza: na ng'ombe wake, tumwite ngombe?
Tukarekebisha programu. Jina tukaliacha.

Tulipandisha Jumapili usiku,
ukungu umeshuka hadi kwenye taa za barabara.
Amri moja. Nukta, nukta, nukta.
Kisha neno: hai.
Gwamaka akapiga bati kofi, mbwa wa jirani wakaitikia.

Jumatatu, saa mbili na nusu, simu.
"Mimi Tumpe, wa maziwa. Ujumbe wenu unasema
lita sita, zimepokelewa saa nane na dakika nne, usiku.
Nani kamkamua ng'ombe wangu usiku wa manane?
Mume wangu anataka kujua.
Na mimi nataka kujua."

Niliingia kwenye kontena, lile lisilo na mlango,
nikaliuliza saa.
Likajibu bila wasiwasi wowote:
saa tatu nyuma yetu.
Tulifungasha kila kitu, sindano, uzi, kufuli,
tukasahau kuliambia liko wapi.
Basi likakaa na saa ya watu wa mbali
wasiojua Rungwe kunakucha vipi,
likaandika kwa mkono safi, tarakimu hadi sekunde,
maziwa ambayo saa hiyo
yalikuwa bado kwenye kiwele.

Mstari wa ishirini, basi: mahali.
Orodha ya majira ya dunia ina miji mingi, Mbeya haimo.
Tukaandika Dar es Salaam,
ingawa jua likitufikia sisi
wao wameshakunywa chai.
Na jaribio la mia moja arobaini na moja
Gwamaka akalipa jina mwenyewe:
maziwa_hayamtangulii_ng'ombe.
Ritifaa hiyo ikaliangusha papo hapo.
Tulicheka mpaka mwenye kiwanja akaja kuchungulia.

Jumanne ujumbe ulikwenda:
saa kumi na moja na dakika tisa, alfajiri.
Hakupiga. Aliandika tu:
"Saa sawa.
Lakini jana nilileta lita saba."