Njia ya Tatu

Sikuanzia mahakamani. Nilianzia korido ya mifupa,
Muhimbili, faili tupu kwapani,
nimetumwa na mzee Kabwogi, wakili wa ghorofa ya nne
mtaa wa Samora, lifti mbovu tangu sijazaliwa:
"Nenda ukasikilize nani kagongwa na gari lenye bima."

Nikajifunza vilio.
Kilio cha goti kina pumzi fupi.
Bodaboda aliyevunjika na pikipiki ya watu
halilii mguu, analilia hesabu ya bosi.
Na yupo anayenyamaza, macho darini.
"Huyo," mzee alisema, "ndiye kesi."

Kiapo nilikula baadaye, kwa joho la kuazima,
mama akapiga vigelegele hadi askari akamnyooshea kidole.
Mjomba akauliza: utakuwa hakimu lini?
Nikamwambia nitadai viungo vya watu.
Akatazama sahani. Akasogeza paja la kuku.

Viungo vina bei, sikuipanga mimi.
Gumba lina asilimia yake, cha shahada asilimia yake,
jicho ni jicho, ila likibaki moja ni hesabu nyingine.
Daktari anajaza, bima inapunguza, mimi naongeza,
na katikati ya kalamu zetu kuna mtu
anashindwa kufunga vifungo vya shati.

Sikudhani Mkopi ndiye wa kwanza wangu hasa.
Kiwanda cha ndoo, Chang'ombe, zamu ya usiku,
mashine ikachukua vitatu.
Kisutu, hakimu akauliza: "Ni mkono wa kuandikia?"
Akajibu: "Wa kusukia, mheshimiwa."
Karani alisita. Kisha akaandika: kulia.

Miaka minne. Fomu ya polisi ilipotea mara mbili,
ikapatikana mara moja, ina duara la kikombe cha chai.
Tulishinda. Kiasi sikitaji.
Ada yangu niliikata kwa mkono usiotetemeka,
nikanunua meza.

Kisha bima wenyewe wakaniita. Zulia, kiyoyozi, kadi ya mafuta.
Nilikaa upande ule miezi kumi na tisa, sifichi.
Nilisema "naye alichangia kwa uzembe wake"
kwa sauti laini, kama apulizaye uji wa mtoto.
Nilimwambia hivyo fundi mmoja wa Gerezani, Athanasi Mlimuka,
kiganja kimekaukia ndani kama jani.
Akatikisa kichwa, akakubali,
akanishukuru.

Ile shukrani.
Barua ya kuacha kazi niliiandika Ijumaa ile ile.
Mshahara niliusubiri kwanza.

Siku hizi niko Kariakoo, juu ya duka la vitenge.
Lifti hakuna, na wateja wangu ni watu wa magongo.
Najua. Nashuka mimi.

Jumapili naenda Temeke, kwa Sikudhani,
saluni ya fidia: viti viwili, kioo kimoja.
"Tulia, wakili." Anavuta.
Pale vidole vilipokosekana rasta inalegea,
anaibana kwa meno, anaendelea.
Twende kilioni, ya kubana, maana kesho nina shauri saa tatu.

Ananiinulia kioo. Njia ya tatu imepinda.
"Nifumue?"
"Iache."
Nalipa bei kamili. Anazihesabu noti kwa kidole gumba,
anachomoa elfu mbili, ananirudishia kiganjani:
"Za ile iliyopinda."